Skuta Thelathini na Moja na Sauti ya Mama

Mama yangu aliacha kusema siku ya Jumanne, baada ya kugombana na skuta yangu na kushindwa.

Nieleze vizuri, maana watu wa mtaani wanapenda kuitia chumvi hadithi hii, na haina haja ya chumvi. Mama hakugombana na mimi kuhusu skuta. Aligombana na skuta yenyewe, uani, akiwa na shuka mbichi begani, na mke wangu akiwa dirishani anashuhudia. Mama aliiegemea kidogo ili aifikie kamba ya kuanikia nguo. Skuta ikamkemea. Mama akajibu. Skuta ikarudia maneno yale yale, Mama akajibu kwa urefu zaidi, skuta ikarudia. Mara ya tano Mama akatua beseni chini, akasema, "Nimesikia," akaingia ndani. Hakutoa neno tena kwa siku kumi na tisa, si kwangu tu, bali kwa kiumbe yeyote.

Kazi yangu ni kupeleka meno. Kuna fundi wa meno ya bandia ambaye karakana yake iko ghorofani, juu ya duka la rangi. Yeye anachonga, mimi nazungusha kwenye kliniki, kila seti ndani ya kiboksi chake chenye pamba na jina la mwenyewe. Watu hucheka wakisikia, lakini jaribu wewe kupita kwenye matuta ya barabarani na taya kumi na mbili za watu nyuma yako, ndipo utajua kwa nini naitunza skuta kama mboni ya jicho. Kila Jumamosi naikagua: nabadilisha oili ikifika wakati wake, napuliza vumbi kwenye filta ya hewa, nakwangua plagi kwa brashi ya waya, napima upepo wa tairi, nakaza nati moja moja. Hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulianza watu walipoanza kuisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nikaanza kuipamba.

Aliyenipambia ni jamaa mwenye duka la vikorokoro vya pikipiki, tunamwita Nakshi. Nakshi hana haya. Ukiingia kwake kununua balbu, unatoka na balbu, kava la kiti lenye manyoya, na wazo kwamba bila taa za buluu chini ya miguu wewe si mtu. Kwa mwaka mmoja alinifungia kioo cha upepo, soksi za ngozi kwenye mikono ya usukani, honi ya pili, honi ya tatu iliyolia kama bata, na vioo vya pembeni virefu hivi kwamba mke wangu alikuwa akija kujipaka wanja. Alikuwa akisema nimeoa wake wawili na yeye ndiye asiyepambwa. Nilicheka. Sikujua kwamba mtu anayecheka hivyo yuko njiani kuharibikiwa.

Kisha vioo vikaibwa. Nikanunua vingine, navyo vikaibwa mbele ya kliniki, mchana kweupe, nikiwa ndani nasainiwa risiti ya taya la juu. Nakshi akaniuzia alamu. Hii ilikuwa alamu ya aina yake: skuta ikiguswa, haipigi kelele, inasema. Ina kitufe chekundu. Unakibonyeza, unarekodi sekunde nane za sauti yoyote unayotaka, basi. Nikarekodi sauti yangu: "Tafadhali usiguse chombo hiki." Kwa siku tatu mtaa mzima uligusa chombo hiki kwa furaha. Nikamwomba mke wangu arekodi yeye, akaangua kicheko katikati, na kicheko kile kikawavuta hata waliokuwa wanapita zao.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimeinama uani, namwaga oili chakavu. Sikuona cha kuikingia isipokuwa beseni la Mama la kufulia. Nikanyoosha mkono kulichukua huku kidole cha mkono wa pili kikiwa juu ya kile kitufe, maana nilitaka kufuta kicheko. Mama akatokea mlangoni.

"We! Toa mkono hapo. Nakuona. Kwenu hawajakufunza?"

Nikacheka, kama ninavyocheka siku zote akiniambia hivyo, nikarudisha beseni. Jioni jirani akaja kuazima pampu ya tairi, akaigusa skuta kidogo tu, na Mama akatoka ndani ya skuta. Jirani aliruka nyuma hatua tatu, akaficha mikono nyuma, akasema, "Nisamehe, mama." Huyo ni mtu mwenye wajukuu.

Hapo ndipo nilipokosea, na nalisema wazi: sikumuuliza Mama. Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho yake, nje ya kliniki, nilikuta jamaa mmoja mwenye shingo nene amesimama pembeni ya skuta yangu na bisibisi mkononi, macho chini. Alikuwa akinisubiri mwenyewe nije ili anikabidhi bisibisi. Aliniambia hajasikia sauti kama ile tangu akiwa na miaka saba. Kwenye kiroba alikuwa na vioo vya watu wengine wanne, na akaniomba nimsaidie kutafuta wenyewe.

Habari kama hizo hazifichiki. Waendesha skuta wa kijiweni kwetu walitaka sauti ile, na Nakshi, ambaye hana haya kama nilivyokwisha kusema, akainakili bila kuniuliza, kama mimi nilivyoichukua bila kuuliza. Mwezi haujaisha, skuta thelathini na moja zilikuwa zinatembea mjini na mama yangu ndani yake. Muuza mayai alikuwa naye. Mpeleka barua alikuwa naye. Fundi wa friji alikuwa naye mara mbili, kushoto na kulia. Wizi ukakoma kabisa. Mlinzi wa benki, aliyezoea kulala akiwa ameegemea skuta ya mhasibu, sasa alilinda akiwa amesimama wima, na benki ikampa cheti.

Mama alianza kuhisi mambo hayaendi sawa. Alisema sokoni akiuliza bei, wauzaji wanainua mikono juu. Alimtuma binti yangu maji ya kunywa, mtoto akageuka kutazama skuta kwanza. Akatuuliza mezani kama amebadilika, kama amekuwa mkali uzeeni. Tulimwambia hapana, Mama, wewe ni yule yule, na mimi nikazidi kutazama sahani yangu. Wiki hiyo hiyo ndiyo akaenda kuanika shuka.

Nyumba ambayo mama hasemi ni nyumba ya ajabu. Alipika, alifagia, alikwenda sokoni akanunua kwa kunyoosha kidole. Chakula kikiwa tayari aligonga mfuniko wa sufuria mara tatu. Akiamkiwa "Shikamoo," aliinua vidole viwili, na watu wakakubaliana kwamba vidole viwili ni marahaba. Asubuhi nilipotoka kwenda kazini alinitazama tu, na mimi nilikaa juu ya skuta na kofia ngumu kichwani nikisubiri neno ambalo halikuja, mpaka mke wangu aliponiambia nitachelewa. Niliona uchungu kuliko nilivyotarajia. Nina miaka arobaini na minne, nina ndevu zenye mvi, na nilikuwa nalia njiani ndani ya kofia ngumu, ambako mtu huwezi hata kujifuta.

Nikampigia magoti, hakuna. Nikamnunulia beseni jipya. Alilitumia kwa kuloweka maharage, bila kunitazama. Nikapiga moyo konde, nikaipeleka skuta kwa fundi ili ing'olewe ile alamu.

Fundi wangu ni mwanamke mwenye mabega mapana, asiyependa mapambo wala wanaume wanaoyapenda. Aliivua skuta kava zote akaguna. Ndani mlikuwa na nyaya kama utumbo wa kuku. Waya wa alamu ulikuwa umeungwa kwenye waya wa taa za buluu, nao kwenye honi ya bata, nayo kwenye swichi ya kuwashia. Aliniambia huwezi kutoa kimoja ukaacha kingine, na akanionyesha betri iliyovimba ubavu. Alisema kitu kinachosikiliza mchana kutwa na usiku kucha lazima kimmalize mtu, sembuse betri. Kwake skuta ni injini, breki na tairi, na vingine vyote ni shanga za kiunoni kwa mtu asiye na kiuno.

Nikamwambia atoe vyote. Akatoa kioo cha upepo, manyoya, taa, honi mbili, soksi za ngozi. Alipomaliza akabadilisha betri, akarekebisha breki ya nyuma na kuweka mkanda mpya wa kuzungushia gurudumu, kisha akaniambia nikae nione tofauti. Kwa kweli ilikuwa nyepesi. Ilibaki skuta nyembamba yenye matundu ya skrubu kila mahali, kama mtu aliyepona ndui.

Niliiingiza uani taratibu. Mama alitoka, akaizunguka mara moja. Akaigusa kwa kidole. Haikusema kitu. Akaitikia kwa kichwa, akarudi jikoni, akagonga mfuniko mara tatu.

Mke wangu ndiye aliyenifumbua macho. Akaniambia umezima mmoja, wamebaki thelathini, na mama yako anatoka nje kila siku. Jana tu, alisema, walikuwa wote sokoni na Mama alijisikia, kutoka ndani ya skuta, akimfokea mtoto wa mtu aliyekuwa amepita tu na mpira. Mtoto alilia. Mama alisimama pale na kikapu, hakujua aombe radhi au akimbie.

Nikaenda kijiweni kuwaomba wenzangu wazime alamu zao. Walinisikiliza kwa heshima, wakakataa. Muuza mayai, ambaye ndiye msemaji wao, alisema wanampenda mama yangu kuliko bima. Lakini si watu wabaya. Walikubali kwamba ikipatikana sauti nyingine inayofanya kazi, wataibadilisha. Basi Jumatatu asubuhi Nakshi alifunga duka kwa wateja, akapanga viti, na akina mama wa waendesha skuta wakaja kusailiwa mmoja mmoja mbele ya kitufe chekundu.

Mama wa muuza mayai alikuwa mpole mno. Aliambiwa amkemee mwizi, akasema, "Mwanangu, ukimaliza hapo, umekula lakini?" Skuta iliyofungwa sauti hiyo iliguswa na mtaa mzima, na wengine walirudi mara ya pili. Mama wa mpeleka barua alianza kwa kueleza habari za goti lake, sekunde nane zikaisha hajaufikia wizi. Tukamleta mwalimu mkuu mstaafu, tukiwa na matumaini makubwa. Mwizi aliyemsikia alichomekea shati, akasimama sawasawa, kisha akaendelea kufungua nati. Ilipofika jioni Nakshi alijaribu hadi sauti ya bibi yake, aliye na miaka tisini na minne, lakini yeye alikuwa upande wa wezi. Alisema vijana wa siku hizi wana njaa.

Ndipo mpeleka barua, ambaye huwa hasemi sana, akauliza swali la kijinga. Aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumwomba ruhusa mama mwenyewe. Tukatazamana. Watu thelathini na moja wazima, pamoja na mwenye duka, na swali hilo halikuwa limempitia hata mmoja wetu kichwani.

Jumapili saa kumi alasiri wakaja wote. Uwanja wetu hautoshi, kwa hiyo skuta nyingine zilipangwa kwenye uchochoro hadi kwenye kona, zimesimama kwa stendi, zimeoshwa. Wenyewe walivaa mashati ya kwenda kuposa. Mama alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni anachambua mchele kwenye ungo. Kila mmoja alipita na shikamoo yake, na Mama akainua vidole viwili mara thelathini, bila kuruka mtu, huku mkono wa pili ukitoa mawe kwenye mchele. Mimi nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni kama mtoto aliyevunja chungu.

Muuza mayai akaanza hotuba. Alisema wamekuja kwa unyenyekevu. Alisema wanajua wamechelewa. Alikuwa bado kwenye utangulizi wakati lori la kokoto lilipopita barabara ya nyuma, ardhi ikatikisika, na skuta zote zikahisi zimeguswa.

Sijui niieleze vipi sauti ile. Mama zangu thelathini, kila mmoja akianza nusu sekunde baada ya mwenzake, wakaukemea uwanja, uchochoro na mtaa wa pili. Toa mkono, toa mkono, nakuona, kwenu, kwenu, hawajakufunza. Madirisha yalitetemeka. Wanaume wote waliinua mikono juu, Nakshi akiwa wa kwanza, na mimi pia nyuma ya mlango nikajikuta nimeinua yangu. Kuku wa jirani waliingia ndani wenyewe. Mama aliweka ungo chini. Akasimama, akasubiri mpaka ile ya mwisho, iliyokuwa kwenye kona kabisa, ikamaliza. Akapangusa mikono kwenye kanga.

"Shusheni mikono," alisema. "Sikuwa nasema na nyinyi."

Sauti yake ilikuwa na kutu ya siku kumi na tisa, na ilikuwa ndogo kuliko ile ya skuta. Ndogo sana. Nilikuwa nimesahau.

Akaniita nitoke nyuma ya mlango. Nikatoka. Akaniuliza mbele ya watu wote, kwetu ni wapi. Nikasema ni hapa. Akaniuliza nani alinifunza. Nikasema ni yeye.

"Basi nikikuuliza kama kwenu hawajakufunza, nakuwa namcheka nani?"

Nilikuwa nimeelewa tayari na uso ulikuwa unaniwaka.

"Najicheka mimi," akasema. "Tangu una miaka mitatu nakuambia hivyo na unacheka. Ulikuwa utani wetu wawili. Ukauchukua ukawagawia watu, na kwao si utani, ni tusi la wazazi. Nimewatukania watu mama zao mji mzima. Hadi nikajitukania wangu, na yuko kaburini."

Muuza mayai alitazama viatu vyake. Kisha akasema, kwa niaba ya wote, kwamba watazing'oa leo hii, hapa hapa, na vioo viibwe tu. Wengine walikwisha kutoa bisibisi mifukoni.

Mama alifikiri kidogo, akawakataza. Aliwaambia wabaki nazo, ila kila mtu akafute yale maneno ya mwisho, yanayotaja kwao mtu. "Toa mkono" na "Nakuona" wanaweza kuendelea nayo, hayo ni ya matumizi ya kawaida. Ule utani wenyewe, alisema, umeshachakaa, hauwezi kurudi jikoni baada ya kutembea barabarani kiasi kile. Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeeleza kuhusu kitambaa kilichochuja rangi, na mimi niliumia kuliko kama angenichapa.

Nikamuuliza, "Na mimi, Mama? Mimi utaniambia nini sasa?" Niliuliza kwa sauti ya mtoto, mbele ya wenzangu wa kijiweni, na sikujali.

Mama akanitazama. Akatazama wale watu, akatazama mifuko yao. Akamwambia Nakshi azime simu na aigeuze kifudifudi juu ya ukuta. Akawaambia wengine nao wafanye vivyo hivyo, wakafanya. Hata hivyo hakuridhika. Akawaambia wapande kwenye skuta zao, wageuke kutazama barabara, kila mtu awashe injini, na wasizime mpaka awape ishara kwa mkono.

Wakawasha. Skuta thelathini ziliunguruma kwenye uwanja ule na kwenye uchochoro mpaka kwenye kona, moshi ukapanda juu ya kamba ya nguo, shuka zikapata harufu ambayo hazijaiacha hadi leo. Mama alinishika sikio, akalivuta karibu na mdomo wake, akaniambia maneno mapya. Hayakuzidi sekunde nane. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mke wangu ameuliza maneno gani, hajapata jibu. Nakshi ameuliza, akaahidi kunifungia kioo cha upepo bure. Wewe uliyesoma mpaka hapa nawe utaniwia radhi, siyaandiki. Nilikuwa naambiwa mimi.